Kabla ya kupiga kelele na hesabu, tuulize: ilitoka wapi?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana na wanafunzi, Butembo



Tutaanza na kosa letu wenyewe, juu haifai kufundisha wengine wakati sisi bado hatujaungama.

Siku moja tulikuwa tunatembea mu kartiye moja ya mji huu, pancarte mikononi. Ku pancarte moja tuliandika kwa herufi kubwa: «Watu milioni 5,4 waliuawa na risasi. Inatosha!» Mzee mmoja, mwalimu wa zamani, alisimama ku mlango wake, akasoma polepole, kisha akatuuliza: «Watoto wangu, hii hesabu muliitoa wapi?» Mwenzetu mwenye alikuwa anabeba pancarte akajibu: «Ku intaneti, mzee. Ku Wikipedia.» Mzee akauliza tena: «Na Wikipedia iliitoa wapi?» Hapo hakuna mtu alijibu. Akauliza mara ya tatu: «Na hawa wa kwetu, wenye walikatwa na mapanga kule Beni, wako ndani ya ile milioni tano ao hawako?»

Tulinyamaza. Mzee hakutucheka. Alisema tu: «Mutafute, kisha murudi.» Njo sababu tuko hapa leo. Tulitafuta, na tunawaletea yenye tulipata.

Wengi wetu hapa hatuna kitabu nyumbani. Maktaba ni chache, na zenye ziko zinafungwa mapema. Kwa hiyo mwanafunzi akipewa kazi na mwalimu, ananunua mega kidogo, anaandika neno ku telefoni, na kitu cha kwanza chenye kinatokea ni Wikipedia. Hata hizi programu za akili bandia zenye vijana wanauliza siku hizi, zilijifunza pia kutoka Wikipedia. Usifikiri basi kwamba ukiuliza mashine umepata shahidi wa pili. Mara mingi ni shahidi yule yule, amevaa koti ingine.

Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001, kule Marekani, na Jimmy Wales na Larry Sanger. Ile ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Wazo lake ni rahisi: kila mtu anaweza kufungua ukurasa, kuandika, kusahihisha, kufuta. Wikipedia yenyewe hailipi mtu kwa kuandika. Profesa anaweza kuandika, na mtoto wa miaka 12 anaweza kuandika. Wewe mwenye uko umekaa pale nyuma unaweza kuandika leo jioni.

Kwa hiyo watu wanagawanyika mara mbili. Wamoja wanasema: «Iko ku Wikipedia, basi ni kweli.» Wengine, zaidi sana walimu wetu, wanasema: «Kila mtu anaandika, basi ni uongo tupu.» Sisi tunasema wote wawili wamekosea.

Tuanze na wenye wanasema ni uongo tupu. Mwaka 2005 gazeti la sayansi Nature lilichukua makala 42 za sayansi, za Wikipedia na za Britannica, ile ensaiklopedia kubwa ya Kiingereza yenye iliheshimiwa zaidi ya miaka 200. Walipatia wataalamu wasome bila kujua gani ni gani. Ku Wikipedia walikuta makosa karibu 4 kwa kila makala. Ku Britannica walikuta karibu 3. Na makosa makubwa kabisa yalikuwa 4 huku na 4 kule. Britannica ilikasirika na kukatalia ile kazi, lakini Nature ilisimama ku maneno yake. Tunajifunza nini hapo? Kwamba hata kitabu chenye jalada la ngozi kiko na makosa. Na kwamba kazi ya watu wengi wasio na mshahara, wakifuata kanuni, inaweza kukaribia kazi ya wataalamu.

Sasa tugeukie wenye wanasema ni kweli yote. Mwaka ule ule wa 2005, mtu mmoja aliandika ndani ya Wikipedia kwamba John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani mwenye alifanya kazi pamoja na Robert Kennedy, aliwahi kushukiwa katika mauaji ya ndugu Kennedy. Ulikuwa uongo mtupu. Ulikaa pale zaidi ya miezi minne, juu hakuna mtu alipita kuangalia. Kiisha ile fujo, Wikipedia ya Kiingereza ilikataza watu wasio na akaunti kuanzisha ukurasa mpya.

Mfano mwingine unatuchoma zaidi sisi wenye tunapenda kugawa habari haraka. Mwaka 2009, Maurice Jarre, mtunga muziki wa filamu kutoka Ufaransa, alifariki. Mwanafunzi mmoja wa Ireland alitunga maneno mazuri kuhusu muziki na kifo, akayaweka ku ukurasa wa Jarre kama vile yeye njo aliyasema. Alitaka kuona nani atakamatwa na mtego. Watu wa Wikipedia waliyafuta, juu hayakuwa na chanzo. Akarudisha, wakafuta tena. Lakini katika ule muda mfupi, waandishi wa magazeti ya inchi mbalimbali walishachukua na kuchapisha. Kwa karibu mwezi muzima hakuna gazeti liligundua, mpaka kijana mwenyewe aliwaandikia kusema: «Ni mimi nilitunga.»

Muone vizuri hatari yenye iko hapo. Uongo unaingia ku Wikipedia, gazeti linauchukua, kesho mtu mwingine anarudi ku Wikipedia na kuandika: «Chanzo: gazeti.» Sasa uongo uko na karatasi ya kuzaliwa. Kwetu tunajua mchezo huu bila intaneti: mtu anasema jambo ku soko asubuhi, jioni linamrudia kutoka kwa jirani, na yeye mwenyewe anaanza kuamini. Mu mji huu tulilipa bei ya ile mambo. Wakati wa Ebola, yenye ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2 287 walikufa katika watu 3 470 wenye walihesabiwa. Hatusemi uvumi njo uliwaua wote. Lakini kila mtu hapa anakumbuka yenye ilikuwa inasemwa, na anamujua mtu mwenye alichelewa kwenda kupimwa juu ya ile maneno.

Sasa turudi ku swali la mzee: milioni 5,4 ilitoka wapi?

Ilitoka ku shirika la msaada lenye linaitwa International Rescue Committee. Kati ya mwaka 2000 na 2007 walifanya uchunguzi mara tano katika inchi yetu. Ya mwisho ilitolewa Januari 2008. Hawakuhesabu maiti. Walipita katika nyumba karibu 14 000, wakauliza kila jamaa: nani alikufa hapa, lini, na kwa sababu gani? Kisha wakalinganisha: kama vita haingekuwako, wangekufa wangapi? Tofauti kati ya hesabu hizo mbili njo waliita vifo vya ziada. Wakapata milioni 5,4 kwa muda wa Agosti 1998 mpaka Aprili 2007.

Musikilize vizuri sana. Walio wengi katika wale hawakuuawa na risasi. Waliuawa na malaria, kuharisha, magonjwa ya mapafu, na njaa. Walikimbilia pori, kituo cha afya kilichomwa, dawa hazikufika, mashamba yaliachwa. Karibu nusu walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Pancarte yetu ilisema «na risasi». Tuliwatolea watoto wale ukweli wa kifo chao. Na mtu mwenye alitaka kutuzima angesema tu: «Munaona, hawa vijana wanadanganya», na hakuna mtu angesikiliza yenye inafuata.

Tena, hesabu yenyewe iko na ubishi. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, kule Kanada, waliandika kwamba IRC ilianza na kipimo cha chini sana. Ilichukua wastani wa vifo vya Afrika kusini ya Sahara kama vile ni wastani wa Congo ya amani. Lakini Congo ilikuwa maskini na mgonjwa kupita ule wastani hata mbele ya vita. Ukipandisha kipimo cha mwanzo, vifo vya ziada vinapungua sana. Sisi hatuko hapa kuamua nani ana haki. Lakini mtu mwenye anasema hesabu mbele ya watu lazima ajue kama ubishi uko.

Na swali la tatu la mzee, lile lenye lilituumiza zaidi: wafu wa Beni wako ndani? Jibu ni hapana. Uchunguzi uliisha Aprili 2007. Mauaji ya Beni yalianza Oktoba 2014. Hata mmoja wao hayuko ndani ya ile milioni. Tulikuwa tunalia wafu wetu na hesabu yenye haiwajui.

Na hapa njo tunafika ku jambo kubwa lenye tunataka mubebe kurudi nyumbani. Kosa letu haikuwa kusoma Wikipedia. Hizi habari zote tulizipata kwa kuanzia pale pale! Ule ukurasa wenye tulisoma haraka ulikuwa na tarakimu ndogo juu ya sentensi. Hatukuigusa. Siku tuliigusa, ilitupeleka chini ya ukurasa, kwa jina la shirika, mwaka, na ripoti yenyewe. Kosa letu ni kusimama ku mlango na kusema tumeingia nyumba. Wikipedia yenyewe haikubali Wikipedia itumiwe kama chanzo. Inasema wazi: mimi ninakuonyesha njia, wewe tembea.

Tumekubaliana basi, sisi ndani ya mwendo huu, kufuata mambo manne mbele ya kuweka hesabu, jina ao tarehe yoyote ku pancarte, ku radio, ao ku WhatsApp.

Kwanza, tutagusa ile tarakimu ndogo. Kama sentensi haina tarakimu, ao kama imeandikwa pembeni «référence nécessaire», ile sentensi ni uvumi mpaka ipate chanzo.

Pili, tutafungua chanzo na kusoma. Kufungua tu haitoshi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa yenye tunaita Mapping, yenye ilitolewa tarehe 1 Oktoba 2010, kila mtu anaidai ku barabara. Iko na kurasa zaidi ya 500, na matukio 617 ya kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Iko bure ku intaneti, kwa Kifaransa. Ni wangapi kati yetu tulisoma hata kurasa 10? Tuseme ukweli: ni wachache.

Tatu, tutaangalia historia ya ukurasa. Juu kabisa kuko neno «historique» na neno «discussion». Hapo unaona nani alibadilisha nini, siku gani, na watu wanabishana juu ya nini. Kitabu cha shule hakikuonyeshi mambo hayo. Kama ukurasa juu ya vita yetu ulibadilishwa mara mingi wiki hii, jua kuko watu wanavutana. Ngojea.

Nne, tutauliza mtu mwenye aliona. Intaneti haikuzaliwa mbele ya wazee wetu. Lakini mzee pia anaweza kusahau ao kuchanganya miaka. Kwa hiyo tutaweka maneno yake pamoja na karatasi, vyote viwili.

Wengine watasema: «Kwa nini kujisumbua? Tuachie wazungu waandike, sisi tusome.» Hapana. Tuwaambie yenye ilitokea kwa lugha ndogo. Kule Scotland kuko lugha yenye inaitwa Kiscots. Mwezi wa Agosti 2020 watu waligundua kwamba maelfu na maelfu ya makala za Wikipedia ya lugha ile ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani mwenye hakujua Kiscots. Hakuwa mtu mbaya. Alidhani anasaidia, na alifanya vile kwa miaka. Wenye lugha hawakuwako kumwambia: «Ndugu, hatusemi hivi.» Na kule Croatia ilikuwa mbaya zaidi: kwa karibu miaka 10 kikundi kidogo cha wasimamizi wenye siasa kali ya utaifa walishika Wikipedia ya Kikroatia, wakapunguza uzito wa mauaji ya wakati wa Vita ya Pili ya Dunia. Mwaka 2021, shirika lenye linasimamia Wikipedia lilitoa ripoti yenye ilikubali jambo hilo waziwazi.

Ukurasa wenye watu elfu wanachunga, uongo unakaa dakika. Ukurasa wenye hakuna mtu anachunga, uongo unakaa miaka. Wikipedia ya Kiingereza iko na makala zaidi ya milioni 6, ya Kifaransa zaidi ya milioni 2. Ya Kiswahili haifiki hata milioni moja, ijapokuwa tuko mamilioni mingi wenye kukisema. Sasa fikirini kuhusu kijiji chenu. Nani aliandika habari yake? Nani anachunga? Kama wewe huko, mwingine atakuwa.

Lakini kuko ugumu mmoja, na hatutauficha. Wikipedia haikubali uandike yenye uliona kwa macho yako. Inaomba chanzo chenye kilichapishwa: kitabu, gazeti, ripoti, utafiti. Kwa mtu wa Paris hii kanuni ni nyepesi. Kwa mama wa kijiji cha Beni chenye hakuna mwandishi alifika, ni sawa kumwambia: «Yenye ulipata haikutokea.» Kanuni si mbaya, bila yenyewe kila mtu angeandika ndoto zake. Lakini inatuonyesha kazi yetu iko wapi. Lazima mambo yetu yaandikwe kwanza, na watu wenye majina, tarehe na ushahidi. Mashahidi wasikilizwe na kulindwa. Radio za mtaa ziweke kumbukumbu zao. Na ninyi wanafunzi wa vyuo vikuu: TFC na mémoire zenu juu ya mashamba, juu ya mauaji, juu ya maji ya Butembo, zinalala ndani ya makabati, vumbi juu yake. Muombe vyuo viziweke mahali watu wote wanaweza kusoma. Ile karatasi moja yako inaweza kuwa tarakimu ndogo chini ya sentensi, yenye mtu wa mbali atagusa ili ajue ukweli wetu.

Sisi kama mwendo wa raia, tangazo letu wenyewe halitoshi kuwa ushahidi. Tuko upande mmoja, na tunajua. Hatutaenda ku Wikipedia kujisifu, wala kufuta yenye inatuudhi. Serkali ikifanya vile tunapiga kelele. Sisi tukifanya vile tutakuwa tofauti na nani?

Watawala pia wanajua nguvu ya habari. Uturuki ilifunga Wikipedia tangu Aprili 2017 mpaka Januari 2020. Na hapa kwetu, kiisha uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa karibu majuma matatu. Mtu hafungi mlango wa nyumba tupu. Lakini sisi nao tusifunge macho yetu wenyewe na uvivu, wakati mlango uko wazi.

Tulirudi kwa yule mzee. Tulimwambia: «Mzee, hesabu ilitoka kwa watu wenye walipita nyumba kwa nyumba. Wengi walikufa na magonjwa na njaa juu ya vita. Wengine wanabishana na hesabu. Na wetu wa Beni hawako ndani.» Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema: «Basi hawa wa Beni, nani anawahesabu?»

Ndugu zetu, dada zetu, lile swali hatukupata jibu lake ku Wikipedia. Linatungojea sisi, na kalamu, na daftari, na majina moja kwa moja. Jumamosi yenye inakuja, wenye wanataka kujifunza kusoma chanzo na kusahihisha ukurasa wa Kiswahili, mukuje hapa hapa na telefoni zenu. Tutachangia mega. Mwenye hana telefoni akuje na daftari.

Pancarte ya zamani tuliitupa. Ile mpya iko na maneno machache, na mtu akituuliza ilitoka wapi, kila mmoja wetu atajua kujibu.